Je, Wajua? Pleti Mpya za Klachi Hulowekwa Kwenye Oili
Klachi ya pikipiki nyingi za bodaboda, yaani kifaa kinachounganisha na kutenganisha nguvu ya injini na giaboksi, hufanya kazi ikiwa ndani ya oili ileile inayolainisha injini, na ndiyo maana pleti mpya za msuguano hulowekwa kwenye oili safi kabla ya kufungwa, kwa kuwa pleti kavu huweza kuungua au kunata mara pikipiki inapowashwa. Iwapo spea si ya kiwanda kilichounda pikipiki, fundi makini huilinganisha kwanza na ya zamani kwa unene, kipenyo na idadi ya meno, kisha hupima urefu wa springi, ambazo zikichoka huifanya klachi iteleze hata pleti zikiwa mpya kabisa. Boliti za springi hukazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, ili sahani ya kukandamiza isikae upande. Linalopuuzwa mno, tena kwa hasara kubwa, ni oili yenyewe: alama ya JASO MA kwenye kopo, ambayo ni ya kiwango cha Japani, huonyesha kuwa oili inafaa kwa klachi ya aina hii, ilhali baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze.