Kiraka Kisichobanduka: Ukarabati wa Mashua za Faibaglasi

Barabara itokayo Mpanda kuelekea magharibi hufika mwambao wa Ziwa Tanganyika, penye Karema na Ikola. Kwa vizazi vingi wavuvi wa huko wametumia mashua za mbao, na zilipovuja fundi alizikalafati kwa pamba na mafuta. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi wa pwani na wa maziwa makuu boti za faibaglasi. Boti hizo haziozi wala haziliwi na mchwa. Hata hivyo, zikigonga mwamba hutoboka, na hapo ujuzi wa kalafati hautoshi. Makala haya yanaeleza sababu.

Tofauti ya ubao na faibaglasi

Ubao hunywa maji ukavimba, na pamba iliyoshindiliwa katika mwanya huzidi kubanwa. Faibaglasi haivimbi namna hiyo. Imefanywa kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa rezini, yaani gundi ya majimaji itengenezwayo kiwandani, ambayo hugeuka kuwa ngumu. Nyuzi ndizo zibebazo mvuto. Rezini huzishikanisha na kugawanya nguvu baina yake. Ubavu ukitoboka, nyuzi hukatika, na haiwezekani kuziunga ncha kwa ncha. Tena rezini ya zamani imekwisha kukamilisha badiliko lake la kikemia. Kwa hiyo kiraka kipya hushikilia hasa kwa kunata juu ya uso wa zamani. Swali la msingi basi ni hili: kimenata juu ya eneo la ukubwa gani?

Hesabu ya mteremko

Tuchukue tundu la duara lenye kipenyo cha sentimita 10, katika ubavu wenye unene wa milimita 6. Tukiliziba kama chupa kwa kizibo, eneo la kunata ni ukingo wa tundu peke yake: 3.14 × 10 × 0.6, yaani karibu sentimita za mraba 19.

Sasa tuchonge kingo ziwe mteremko wa 1 kwa 12: kwa kila milimita ya unene, milimita 12 za upana. Mteremko utakuwa na upana wa milimita 72 pande zote, na kipenyo cha nje kitakuwa sentimita 24.4. Eneo la kunata sasa ni karibu sentimita za mraba 389, ambalo ni mara 20 ya lile la kwanza. Ndiyo maana fundi hodari hulipanua tundu kabla ya kuliziba.

Hatua za kazi

Kwanza, mafuta ya samaki na ya injini yasafishwe kabla ya kupiga msasa, la sivyo msasa utayasukuma ndani. Pili, mashua ikauke kabisa. Bandika karatasi ya plastiki juu ya jeraha usiku kucha. Ukikuta umande chini yake, subiri. Kiangazi cha Katavi, kati ya Mei na Oktoba, ndicho kipindi kifaacho. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa hili tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Muda kama huo ni fursa ya matengenezo.

Tatu, changanya rezini ya poliesta na kichocheo chake kwa kipimo cha kiwanda, ambacho kwa kawaida ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Kichocheo huunganisha molekuli kuwa mtandao mmoja, na muungano huo hutoa joto. Kikizidi, rezini huchemka na kupasuka. Kikipungua, haikauki vema. Nne, tandika mkeka wa nyuzi. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo tabaka sita zatosha, kila moja ikizidi ya chini yake kwa sentimita 2.4 za kipenyo. Weka mbili au tatu, acha zipoe, kisha endelea. Povu lote liondolewe kwa rola.

Tahadhari

Vumbi la kioo hudhuru mapafu, na kichocheo huweza kupofusha. Vaa barakoa, miwani na glavu. Fanya kazi penye upepo, mbali na moto.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi vipande vya ubao vinavyolingana. Viwili viungwe kwa gundi ncha kwa ncha, vingine viwili vichongwe mshazari kabla ya kuungwa. Kesho yake vining'inizwe mizigo, na darasa lipime kipi kitangulie kuachana.

Mvuvi wa dagaa huondoka jioni na taa zake juu ya ziwa ambalo kina chake hufikia mita 1,470. Kiraka kinachoonekana kizuri ufukoni hujaribiwa huko, gizani, wakati pepo za kusini-mashariki zikiinua mawimbi. Hesabu ya sentimita 19 na 389 ni hesabu ya uhai wake.