Alifiwa na watoto wawili, akaanza kuchora na kusema si mkono wake

Kila mzazi hubeba msiba wa mtoto kwa namna yake. Yupo anayelia, yupo anayenyamaza miezi kadhaa, na yupo anayejitupa kwenye kazi usiku na mchana. Madge Gill, mama wa jijini London nchini Uingereza, alishika kalamu ya wino na kusema kuwa roho ndiyo inayouongoza mkono wake.

Madge alizaliwa mwaka 1882 nje ya ndoa. Alipofikisha miaka tisa alipelekwa kwenye makao ya watoto yatima, ingawa mama yake alikuwa hai. Akiwa na miaka 14 alisafirishwa kwa meli hadi Canada, kama maelfu ya watoto wengine maskini wa Uingereza wa wakati huo, akafanya kazi za ndani na za shamba.

Aliporudi London akiwa binti mkubwa alifanya kazi ya uuguzi na kuishi na ndugu zake. Kwa ndugu hao ndiko alikoijua imani ya kuwasiliana na roho za marehemu, iliyokuwa na wafuasi wengi Uingereza. Mwaka 1907 aliolewa, akajaliwa watoto watatu wa kiume.

Msiba juu ya msiba

Mwaka 1918 mlipuko wa mafua ulioua mamilioni ya watu duniani ulimchukua mtoto wake wa pili. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kike aliyekuwa tayari amefariki. Yeye mwenyewe aliugua karibu kufa, na jicho lake la kushoto likapofuka.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 38 na bila kusomea sanaa, alianza kuchora. Alisema anaongozwa na roho iitwayo Myrninerest, na kazi nyingi alizisaini kwa jina hilo. Alichora zaidi usiku, kuanzia kwenye kadi za posta hadi kwenye vitambaa vya bafta, kimoja kikiwa na urefu wa zaidi ya mita 10. Karibu kila kazi ina uso wa mwanamke au msichana mwenye macho makubwa. Wapo wanaoamini kuwa ni yule binti aliyempoteza, lakini Madge hakuwahi kueleza.

Mwaka 1922 alilazwa kwenye hospitali ya wanawake mjini Hove, chini ya Dk Helen Boyle, aliyetetea matibabu ya mapema kwa wanawake wenye matatizo ya akili ili wasiishie kufungiwa. Alipotoka aliendelea kuchora. Kazi zake zilionyeshwa mara kadhaa kwenye ukumbi wa sanaa wa Whitechapel, lakini aligoma kuziuza akisema ni mali ya roho.

Kalamu peke yake haitoshi

Mwaka 1958 alifiwa na mtoto mwingine, safari hii akiwa mtu mzima. Madge aliacha kuchora, akazama kwenye pombe, na mwaka 1961 akafariki. Kalamu iliyombeba karibu miaka 40 ilishindwa kumvusha kwenye msiba huo.

Iwe ni roho au ni moyo wa mama ulioelemewa, kila familia itajibu kwa imani yake. Kwa upande wa afya, mambo mawili yako wazi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ilionyesha kuwa sanaa husaidia afya ya mwili na akili. Pili, kumsikia au kuhisi uwepo wa marehemu ni jambo linalowapata wafiwa wengi, na peke yake si ugonjwa.

Kwa hiyo, mama aliyefiwa akianza kuchora, kufuma au kuimba na kusema anamhisi mwanaye, usimcheke wala usimnyang'anye. Kaa naye, mwite mtoto kwa jina lake, hata kama alizaliwa amefariki. Baba naye aulizwe hali yake, kwani mara nyingi huachwa awafariji wengine.

Lakini mpeleke hospitali haraka ukiona halali usiku kadhaa, hali, anashindwa kuwahudumia watoto waliobaki, anazungumzia kufa, au anasema sauti inamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu. Huzuni kali isiyompa nafasi ya kuishi baada ya miezi sita nayo inahitaji mtaalamu. Dalili hizo zikimtokea mama aliyejifungua karibuni, usisubiri hata kesho.

Maombi yaendelee, na kalamu aachiwe, lakini na daktari amwone.