Mafindofindo yanavyoweza kuacha kovu kwenye moyo wa mtoto, na hali ya maisha inavyochangia

Dar es Salaam. Mtoto akisema koo linamuuma, nyumba nyingi zina jibu tayari: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, panadol, na maneno ya kumtuliza kwamba kesho ataamka salama. Mara nyingi kweli huamka salama, kwa sababu maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi na huisha yenyewe.

Lakini yapo maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria wanaoitwa streptokokasi kundi A. Hayo yasipotibiwa kwa dozi kamili, wiki chache baadaye baadhi ya watoto hupata homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza kama maumivu ya viungo na ambao unaweza kuacha makovu ya kudumu kwenye moyo.

Ugonjwa huu una tabia moja inayopaswa kumfikirisha kila mzazi. Huwapata zaidi watoto wanaoishi wengi katika chumba kimoja, walio mbali na huduma za afya, na ambao wazazi wao hula kile walichopata siku hiyo hiyo. Inakadiriwa kuwa mwaka 2015 zaidi ya watu milioni 33 duniani waliishi na ugonjwa wa moyo uliotokana na homa hii, na takribani 319,000 walifariki dunia. Wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwamo za Afrika.

Si baridi yabisi ya bibi

Neno baridi yabisi huwafanya wengi wafikirie magoti ya wazee. Hii ni tofauti. Homa ya baridi yabisi ni ugonjwa wa watoto na vijana, hasa wa umri wa miaka mitano hadi 15.

Inatokea hivi: kinga ya mwili inapopambana na bakteria wa kooni, kwa baadhi ya watoto huchanganya mambo na kuanza kushambulia mwili wenyewe. Wiki mbili hadi nne baada ya koo kuuma, mtoto hupata homa, na viungo vikubwa kama magoti, vifundo vya miguu, viwiko na vifundo vya mikono huvimba na kuuma. Maumivu huhama. Leo ni goti la kulia, keshokutwa ni kifundo cha mguu wa kushoto.

Kwa kuwa maumivu hayo huisha hata bila tiba, wazazi wengi huona yamepita. Wapo wanaosema mtoto anakua, na wapo wanaodhani ameumia mpirani. Wakati huo huo, valvu za moyo, yaani milango inayoruhusu damu kwenda upande mmoja bila kurudi nyuma, huenda zimeshaanza kuathirika.

Baadhi ya watoto huonyesha dalili nyingine inayochanganya familia: mikono na uso hucheza bila wao kutaka, vikombe huwaponyoka, mwandiko huharibika ghafla. Shuleni mtoto huyu anaweza kuadhibiwa kwa utundu, na nyumbani akapelekwa kuombewa au kwa mganga kabla ya kufikishwa hospitalini.

Hatari kubwa iko kwenye kurudia. Kila shambulio jipya la homa hii huongeza kovu kwenye valvu, hadi ifike siku zishindwe kufunga au kufunguka vizuri.

Kitanda kimoja, watoto wanne

Bakteria hawa husambaa kwa matone ya mate na makamasi mtu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza kwa karibu. Chumba kimoja cha kupanga kinacholaza wazazi na watoto wanne huwapa nafasi nzuri ya kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Darasa lenye wanafunzi wengi wanaobanana kwenye dawati moja huwapa nafasi nyingine.

Historia inathibitisha hilo. Katika karne ya 19, homa ya baridi yabisi ilikuwa tishio kwa watoto wa miji ya Ulaya na Marekani. Vifo vilianza kupungua huko hata kabla penisilini haijaanza kutumika katika miaka ya 1940, na sababu inayotajwa ni kuboreka kwa makazi, lishe na hali ya maisha. Penisilini ilikuja kuharakisha safari iliyokwisha kuanza.

Hata nchi tajiri bado zina maeneo yenye ugonjwa huu. Nchini New Zealand, karibu mzigo wote wa homa hii umewaangukia watoto wa jamii za Wamaori na wenye asili ya visiwa vya Pasifiki, ambao familia zao huishi kwa msongamano zaidi. Australia ina hali kama hiyo kwa watoto wa jamii za wenyeji asilia.

Umri unaobaki katikati

Nchini Tanzania, sera ya afya inawapa msamaha wa malipo watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Msamaha huo umeokoa maisha ya wengi. Lakini homa ya baridi yabisi huanza kuwa tishio mtoto anapotimiza umri huo huo, anapoanza shule na kukutana na watoto wengine wengi. Kwa hiyo kwa familia isiyo na bima, hatari hupanda wakati ule ule ambapo mzazi anaanza kulipia kadi, vipimo na dawa kutoka mfukoni.

Mzazi wa kipato kidogo anapopiga hesabu, koo linalouma halionekani kuwa sababu ya kutosha ya kupoteza siku. Chukua mfano wa mama anayeuza vitumbua asubuhi. Kwenda kituo cha afya maana yake ni kufunga biashara, kulipa nauli, kukaa foleni na pengine kula mtaji wa kesho. Duka la dawa liko hatua chache kutoka nyumbani, na humo anaweza kununua vidonge kwa kadiri ya pesa aliyonayo.

Hapo ndipo dozi nusu inapozaliwa. Mtoto anameza dawa siku mbili, homa inashuka, vidonge vinavyobaki vinatunzwa kwa ajili ya mdogo wake. Ili kuwamaliza bakteria hawa, dawa za kumeza kama amoksisilini kwa kawaida hutumika kwa siku 10, au mtoto hupewa sindano moja ya penisilini ya kukaa muda mrefu mwilini. Koo likiacha kuuma siku ya tatu, bakteria bado wanaweza kuwapo.

Njia nyingine inayotumika katika jamii nyingi ni kukata kimeo. Mtoto mwenye kikohozi au koo lisilopona hupelekwa kwa mkataji, kwa imani kwamba kimeo ndicho chanzo. Kukata kimeo hakuondoi bakteria, na kunaweza kumletea mtoto kuvuja damu na maambukizi mapya. Familia inatumia pesa na muda, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Sindano 13 kwa mwaka

Mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi anahitaji kinga dhidi ya shambulio jingine. Kinga hiyo ni sindano ya penisilini aina ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne. Hudumu miaka mingi: wengine hadi wafikishe umri wa miaka 18 au 21, na wenye valvu zilizoharibika sana huendelea hadi utu uzima.

Sindano kila wiki nne ni sindano 13 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni safari 130 za kwenda kituoni, kila moja na nauli yake, saa zake za kukosa darasa na siku ya mzazi kukosa kibarua. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu, ila kuifuata kunagharimu. Ongeza siku ambazo mzazi anafika na kuambiwa dawa imekwisha, na maumivu ya sindano yenyewe yanayomfanya mtoto alie kabla hata ya kutoka nyumbani, ndipo utaelewa kwa nini familia nyingi huacha katikati.

Umuhimu wa sindano hiyo ulionekana wazi kaskazini mwa Uganda. Katika utafiti uliofanyika Gulu, watoto na vijana 818 waliogundulika kuwa na dalili za awali kwenye moyo, bila wao kujihisi wagonjwa, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa penisilini kila mwezi, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Elimu na kipato huamua nani anaishi

Utafiti mwingine mkubwa uliwafuatilia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu katika nchi 14, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake na wasichana.

Ndani ya miaka miwili, takribani asilimia 17 walifariki dunia. Katika nchi za kipato cha chini ilikuwa karibu asilimia 21, na katika zile za kipato cha kati cha juu karibu asilimia 12. Waliosoma zaidi ya elimu ya msingi walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko ambao hawakufika huko.

Kwa wasichana kuna mzigo wa ziada. Ujauzito huongeza sana kiasi cha damu mwilini, na moyo wenye valvu zilizobana unaweza kushindwa. Wapo wanaogundulika kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito, wakihema kwa shida na kudhani ni uchovu wa mimba. Aliyewekewa valvu ya chuma hutumia maisha yake yote dawa ya kuzuia damu kuganda, inayohitaji vipimo vya damu mara kwa mara na ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Katika jamii inayompima mwanamke kwa idadi ya watoto, binti huyu anaweza kuficha ugonjwa wake ili asikose ndoa. Anachohitaji ni kuzungumza na daktari kabla ya kubeba mimba, na familia inayomuunga mkono.

Kuziba ufa mapema

Upasuaji wa moyo sasa unafanyika nchini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili jijini Dar es Salaam, hurekebisha na kubadilisha valvu kwa wagonjwa ambao zamani wengi wao walilazimika kupelekwa India. Hata hivyo, kwa familia ya mkoani, kufika Dar es Salaam, kupata pa kulala na kurudi kwa vipimo bado ni gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa unazibwa kwa dozi ya antibayotiki.

Mwaka 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na ugonjwa huu, ikiwamo kushughulikia vyanzo vyake vya kijamii. New Zealand ilianza kusaidia familia zenye watoto walio hatarini kupata vitanda, matandiko na nyumba kavu zenye joto, kama sehemu ya kinga. Nchini, sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inaweza kuwa nafuu kwa watoto wa shule, ikiwa itazifikia kaya zisizo na kipato cha uhakika.

Mzazi afanye nini?

- Koo likimuuma mtoto ghafla pamoja na homa, tezi za shingo kuvimba na mafindofindo kuwa mekundu au na usaha, bila mafua wala kikohozi, mpeleke kituo cha afya. Hata siku kadhaa zikiwa zimepita, nenda. Tiba ikianza ndani ya siku tisa bado inaweza kuzuia homa ya baridi yabisi.
- Maliza dozi yote hata kama mtoto amepona. Usigawe vidonge kwa watoto wawili.
- Viungo vikiuma kwa kuhamahama, mtoto akihema haraka, akichoka kuliko wenzake au mikono ikicheza bila yeye kutaka, mweleze mtoa huduma kama aliumwa koo wiki zilizopita.
- Kama mtoto ameandikiwa sindano za kila mwezi, andika tarehe kwenye kalenda ya simu na umwambie mwalimu wake. Uliza kama anaweza kuchomwa kwenye kituo cha karibu badala ya hospitali ya mbali, na kama dawa ya ganzi inaweza kuchanganywa kupunguza maumivu.
- Nyumba ikiwa ndogo, fungua madirisha mchana, walaze watoto wakipishana kichwa na miguu, na mwenye koo linalouma alale pembeni hadi atumie dawa angalau saa 24.
- Ulizia ofisi ya kata au kituo cha afya kuhusu bima ya kaya kabla mtoto hajafikisha miaka mitano, wakati msamaha bado unamlinda.