Jicho Lililopasuliwa Lataka Ulinzi

Mtu akipita sokoni Nyawera, hapa Bukavu, vumbi likamwingia jichoni, hunawa uso kwa maji safi, na kesho amekwisha sahau. Lakini si kila jicho jekundu ni la kupuuzwa hivyo. Leo twataka kusema juu ya wazee wetu waliopasuliwa macho kwa ajili ya glakoma.

Glakoma huharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Mara nyingi huja polepole, bila maumivu, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya jicho yanasukuma kupita kiasi. Sisi Waafrika hutupata zaidi, tena mapema. Upasuaji haurudishi nuru iliyokwisha potea, bali huilinda iliyobaki. Katika upasuaji ulioelezwa na daktari Cairns wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1968, hufunguliwa njia ndogo ili maji yatoke na kukusanyika chini ya utando laini wa jicho. Hapo hutokea lengelenge dogo, lililofichwa na ukope wa juu.

Lengelenge hilo ni mlango wa msaada, lakini laweza kuwa pia mlango wa adui. Utando wake ukikonda au ukivuja, vijidudu vyaweza kuingia ndani ya jicho, hata miaka mingi baada ya upasuaji. Jambo hili ni la nadra. Lakini likitokea, jicho laweza kupofuka kwa muda wa siku chache tu.

Basi, tuseme babu alipasuliwa miaka 5 iliyopita. Leo asubuhi jicho ni jekundu, lauma, latoa usaha, halivumilii mwanga, wala haoni kama jana. Asiambiwe, "Ni vumbi, tungoje Jumatatu." Asitiwe dawa ya majani, wala matone yaliyonunuliwa bila cheti cha daktari, mengine hupunguza wekundu tu, huku vijidudu vikizidi ndani. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata ikiwa usiku, naye aseme wazi: "Jicho hili lilipasuliwa."

Nanyi wanafunzi, ulizeni nyumbani kama yupo aliyepasuliwa jicho. Mkumbusheni asilisugue, anawe mikono kabla ya kutia dawa, wala asikose siku aliyopangiwa na daktari. Kila tarehe 13 Desemba twamkumbuka Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye maradhi ya macho. Tuwaombee wagonjwa wetu, na tuwashike mkono mpaka hospitali.