Fleti Mombasa kwa anayejitegemea peke yake: kununua au kupanga?

Mkazi wa Mombasa mwenye kazi, ambaye hajaoa au hajaolewa, na anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi, hachelewi kuambiwa kwamba pesa zake zinapotea. Huambiwa anunue fleti, hata iwe ndogo, kwa sababu kodi ni kumtajirisha mwenye nyumba. Maneno hayo yana ukweli wake, lakini huacha jambo moja nje. Nyumba yenye mishahara miwili hubebana: mmoja akiachishwa kazi au akiugua, wa pili huendelea kulipa benki. Anayejitegemea peke yake hana huyo wa pili. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza fleti ni bei gani, aulize ni nani atakayelipa mwezi ambao mshahara hautaingia.

Tuchukue mfano wa mwuguzi anayetaka fleti ya chumba kimoja cha kulala ya Sh5,000,000. Ameweka akiba ya Sh1,000,000 na anataka kukopa Sh4,000,000 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 14, marejesho yake yatakuwa takriban Sh49,700 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, Sh46,700 hivi ni riba. Kiasi cha Sh3,000 tu ndicho kinachopunguza deni. Baada ya miaka mitatu atakuwa amelipa karibu Sh1,790,000, na deni litakuwa limepungua kwa chini ya Sh140,000. Akilazimika kuuza wakati huo, labda kwa kuhamishwa kazi, atakuta kwamba sehemu kubwa ya alichokilipa haikuwa ya nyumba.

Juu ya hayo kuna gharama ambazo matangazo ya fleti hayazitaji. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini ni asilimia 4, yaani Sh200,000 kwa fleti hiyo, na hulipwa na mnunuzi. Kuna ada ya wakili, ada ya mthamini, bima, na kila mwezi ada ya huduma ya jengo: mlinzi, usafi, taa za ngazi, lifti na pampu ya maji. Pwani, ada ya huduma si jambo dogo. Hewa ya chumvi hula vyuma vya madirisha na vya lifti haraka, na jengo linalotegemea maji ya kisima au ya bowza hulipia maji zaidi ya lile lenye maji ya mfereji yasiyokatika.

Kama fleti ya aina hiyohiyo, mtaa huohuo, inapangishwa kwa Sh30,000, mpangaji anabaki na takriban Sh20,000 kila mwezi ambazo mnunuzi hana. Akiziweka kwenye Sacco, ni Sh240,000 kwa mwaka kabla ya faida, na ile Sh1,000,000 bado ni yake. Akizitumia zote, basi wanaomwambia kwamba pesa zinapotea hawajakosea.

Hesabu hubadilika mkopo unapokuwa nafuu. Zipo benki na Sacco zinazotoa mikopo ya nyumba kwa riba ya chini ya asilimia 10, zikitumia fedha za Kenya Mortgage Refinance Company, kampuni inayozikopesha taasisi hizo. Kwa riba ya asilimia 9.5, mkopo uleule wa Sh4,000,000 hulipwa kwa takriban Sh37,300 kwa mwezi. Hapo tofauti na kodi ya nyumba si kubwa tena, na mtu mwenye ajira ya kudumu ana sababu ya kufikiria kununua. Kuna pia nafuu ya kodi ya mapato: tangu mwisho wa Desemba 2024, anayeishi katika nyumba aliyoikopea anaweza kuondolewa hadi Sh360,000 za riba kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Asiyetaka riba kwa sababu za dini anaweza kuuliza mpango wa ununuzi wa nyumba katika benki zinazofuata sheria ya Kiislamu; ila huko nako kuna malipo ya kila mwezi, na swali la nani atalipa halijaondoka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kodi ya mapato, bima ya afya ya asilimia 2.75, NSSF na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 huwa zimeshakula sehemu yake kabla ya mkopo. Mtu aliye na mkopo wa Sacco au wa gari mara nyingi hugundua hapo kwamba fleti aliyoitamani haiingii katika payslipu yake. Na hata ikiingia, theluthi iliyobaki ndiyo itakayolipa chakula, nauli, umeme, na pesa za kutuma nyumbani kwa wazazi. Asiye na mke au mume hafikiriwi kuwa na majukumu, na kwa hiyo ndiye anayepigiwa simu kwanza karo ya mdogo wake inapokosekana. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu bila haya.

Malipo yakikwama, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji atoe ilani ya muda usiopungua miezi mitatu ili mkopaji alipe alichochelewesha, kisha ilani nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Muda huo ni mfupi kwa mtu anayetafuta kazi mpya. Ndiyo maana ni busara kwa anayenunua peke yake kubaki na akiba ya marejesho ya miezi sita, mbali na ile ya kununulia. Asiyekuwa nayo, aendelee kupanga kwanza.

Karatasi kabla ya pesa

Fleti haishiki ardhi moja kwa moja kama nyumba ya kawaida, na hapo ndipo wengi huumia. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo, iliyoanza kutumika Desemba 28, 2020, inampa mwenye fleti hatimiliki ya sehemu yake pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja kama ngazi, paa na uwanja wa magari. Wamiliki wote wa jengo huwa wanachama wa shirika lao, na humo ndimo ada ya huduma hupangwa. Mnunuzi aombe kuona hatimiliki ya fleti yenyewe, si ya kiwanja chote, na aombe hesabu za ada ya huduma za miaka ya karibuni. Jengo ambalo nusu ya wamiliki hawalipi litamfikishia yeye bili hiyo, iwe kwa ada kubwa zaidi au kwa lifti iliyokufa.

Mombasa ina mazoea yake ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki jengo na kulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Anayeuziwa fleti katika jengo la namna hiyo hawezi kupata hatimiliki yake, hata akipewa mkataba wenye mihuri mingi. Kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka kadhaa, aulize ni miaka mingapi iliyobaki, kwa sababu fleti haiwezi kuishi zaidi ya ardhi iliyo chini yake.

Upekuzi rasmi wa ardhi hufanywa katika ofisi ya msajili wa ardhi. Katika ofisi za kaunti, mnunuzi au wakili wake anaweza kuthibitisha mambo mengine mawili: kwamba ramani za jengo ziliidhinishwa na jengo likapewa cheti cha kuruhusu watu kuhamia, na kwamba ushuru wa ardhi wa kaunti umelipwa. Mnunuzi asisitize kupata cheti cha kuonyesha kwamba ushuru huo hauna deni. Makubaliano ya mdomo juu ya ardhi au fleti hayatetewi mahakamani. Sheria inataka maandishi yaliyotiwa sahihi mbele ya shahidi.

Ndoa ikija, mauti yakija

Wako wanaoahirisha kununua kwa hofu kwamba wakioa au wakiolewa, fleti itakuwa ya wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali iliyopatikana kabla ya ndoa haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Lakini mwenzi akichangia kuiboresha, anaweza kupata haki kulingana na mchango wake. Anayeingia kwenye ndoa akiwa na mkopo wa miaka 15 mbele yake ahifadhi risiti, na wawili hao wakubaliane kwa maandishi ni nani analipa nini.

Dada wawili au marafiki wakinunua pamoja ili kupunguza mzigo, waandikwe kila mmoja na fungu lake, nusu kwa nusu au vinginevyo. Umiliki ule ambao mmoja akifa wa pili huchukua chote umewekewa wanandoa tu, isipokuwa mahakama iruhusu.

Asiye na mwenzi wala mtoto akifariki bila wosia, Sheria ya Urithi huwatazama wazazi wake kwanza, kisha ndugu. Rafiki aliyemuuguza hatajwi. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi na mashahidi wawili. Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ndiyo huamua.

Anayeamua kupanga

Kupanga nako kuna karatasi zake. Mahakama ya kodi za nyumba iliyoundwa na sheria ya kudhibiti kodi hushughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho fleti nyingi za Nyali, Tudor au Bamburi zilikipita zamani. Kwa hiyo mpangaji wa fleti hulindwa na mkataba wake: kodi itaongezwa lini, notisi ni ya muda gani, nani hutengeneza bomba, na amana itarudishwa kwa masharti gani. Picha za kila chumba siku ya kuhamia huzuia ugomvi wa rangi na vigae siku ya kuhama.

Mpangaji anayetaka kununua baadaye anaweza kujisajili katika Boma Yangu na kuanza kuweka akiba ya malipo ya kwanza katika nyumba za bei nafuu za serikali. Kuwa peke yake hakumzuii, na mpango huo una nyumba za chumba kimoja. Ila ajue mapema kwamba chini ya sheria ya mwaka 2024, nyumba hiyo haiuzwi kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia mpango huo.