Pedali Zinazonasa Kiatu

Waendesha baisikeli wa mashindano, kama wale waliokutana Kigali mwaka 2025, viatu vyao hunaswa kwenye pedali. Bernard Hinault wa Ufaransa alishinda Tour de France ya 1985 na pedali za namna hiyo. Nawe umezipata, unataka kwenda nazo Kiliba. Ngoja kwanza.

Anayeanza huanguka hasa akisimama. Mbuzi anakatiza, unashika breki, unataka kukanyaga chini, na mguu hautoki. Unaanguka ubavu kama mti uliokatwa (watoto watacheka), nawe unajikinga kwa mkono. Hapo kifundo cha mkono huweza kuvunjika, au mtulinga. Mkono ukivimba usikubali ukandwe, njoo hospitalini.

Basi jifunze nyumbani, ukishika ukuta. Legeza skrubu ya springi. Ingiza ncha ya kiatu, kanyaga mpaka kilie “ta”. Kukitoa, usivute juu. Peleka kisigino nje. Rudia mara 50 kila mguu. Barabarani, toa mguu mmoja mapema, kabla baisikeli haijasimama.

Goti likianza kuuma, huenda kile kipande cha chini ya kiatu kimefungwa upande, kirekebishe. Na wakati wa matope, rudisha pedali zako za zamani, maana tope huziba mahali pa kunasia.