Kirikuu kwa Mlali: Uagize, Ununue Yadi au Ubadilishe Injini?

Agosti 2021 Toyota ilitangaza kwamba mwezi uliofuata ingepunguza uzalishaji wake duniani kwa asilimia 40. Korona ilikuwa imevuruga viwanda vya vipuri, na chipu zilikuwa adimu. Mkulima wa Mlali, wilayani Kongwa, hakuwa na habari na Toyota mpya. Alitaka kirikuu, ile Suzuki Carry ya cc 660, asombee mahindi na alizeti hadi Kibaigwa. Lakini Mjapani aliyekosa gari jipya haachii la zamani, na hayo ya zamani ndiyo tunayoyagombania huku. Nauli ya meli nayo ikapaa.

Hapo aliyeagiza aliumia mara mbili, maana ushuru wa forodha unahesabiwa pamoja na nauli na bima. Tuseme gari lililokuwa likifika Dar es Salaam kwa milioni 6 sasa linafika kwa milioni 7. Ile milioni ya ziada inatozwa ushuru wa asilimia 25, yaani 250,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya 1,250,000, yaani 225,000. Imeshakuwa 1,475,000, na tozo ya uchakavu kwa gari lenye umri mkubwa bado hatujaigusa.

Yadi za Dar zilikuwa ghali, sibishi. Ila gari unaliona, unaliwasha, unaondoka nalo. Likiagizwa likafika Septemba badala ya Juni, mavuno yameshabebwa na Fuso la kukodi. Wengi hulinganisha bei ya mtandaoni na ya yadi, wala hiyo kodi ya Fuso hawaiandiki popote.

Mwenye kirikuu iliyochoka, lakini chasisi na bodi ni nzima, ningemwambia atafute injini ya mtumba. Nayo huja kwa meli, sawa, lakini kontena moja hubeba injini nyingi, nauli ikagawanyika. Iwashwe mbele yako na fundi wako, na risiti itaje muda wa kurudisha. Spea za bei rahisi nazikubali kwenye taa na vioo; kwenye breki, hapana. Na namba ya injini hiyo ibadilishwe kwenye kadi ya gari mapema, kabla hujapata mteja wa kulinunua.